Mwisho wa hadithi, baba arudi?

BARUA

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mkaazi wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, fundi wa vyombo vya baharini kama alivyokuwa kaka yangu na baba yetu kabla yake. Kaka alifariki wakati wa kusi. Ameacha mke, mtoto wa kike wa miaka minane, na mashua ambayo haijafika nusu: mkuku umelazwa, mataruma yamesimama, mbao za ubavuni zimepigwa chache. Shemeji ametoka eda juzi juzi tu.

Ninalokuandikia ni la huyu mtoto. Mimi ni ami yake, na tangu msiba ndiye ninayempeleka skuli na chuo cha Kurani. Bibi, mtoto huyu alikuwa hatulii. Ukimkalisha kidogo tu, keshachora. Akichora mchangani kwa kijiti, akichora ukutani, akichora kwa mkaa juu ya mbao za baba yake. Na kila alichokichora kilikuwa na kisa chake: huyu pweza ni mwalimu, ana mikono minane na bakora nane, huyu papa meno yamemtoka, anaogopa kumwambia mama yake. Kaka alikuwa akiweka tezo lake la kuchongea chini amsikilize mpaka mwisho, hata kama mwenye chombo amesimama anasubiri. Kaka mwenyewe alikuwa na mkono wa kuchora. Kila chombo alichokimaliza alikichorea jicho kila upande wa omo, yaani mbele ya chombo, na mshika kopo la rangi alikuwa ni huyu binti yake.

Sasa hachori wala hasimulii. Skuli anakwenda, chakula anakula, na wenzake anacheza, halafu ghafla anawaacha anaondoka. Jioni anakwenda pwani, anakaa kwenye mashua ya baba yake anatazama vyombo vinavyorudi. Nilimnunulia penseli za rangi mjini. Zimo kabatini, hata hazijafunguliwa. Mwalimu wake alimwambia achore samaki, akajibu kuwa hajui.

Asubuhi ya siku aliyoanza kuugua, kaka alimgombeza kwa kuchora mkaa kwenye ubao mpya wa mtu. Akanuna, akaenda zake kwa bibi yake. Usiku kaka akashikwa, na siku ya pili yake tukamzika. Alikuwa mtu mzima wa afya, hakuna aliyetegemea.

Kwa kuwa mtoto alipenda visa, nimeona nimwandikie hadithi, na nimeshaianza kwenye daftari. Ni ya msichana anayeshuka chini ya bahari, kwenye mji wa matumbawe, kumtafuta baba yake aliyemezwa na zimwi la maji. Zimwi hilo lina matumbo saba, na kila tumbo lina vitu lilivyovimeza: nanga, ngalawa nzima, taa za wavuvi, hata sauti za watu walioita na wasisikike. Anayemwongoza msichana ni kasa mzee. Nimefika tumbo la saba nimekwama.

Mama yangu hataki niendelee. Anasema nyumba ya msiba haitajwi mazimwi, na kwamba mtoto ameshaambiwa baba yake amesafiri, akikua ataelewa mwenyewe. Shemeji anasema nimrudishe baba, angalau kwenye hadithi mtoto afurahi. Mimi sijui nimsikilize nani. Na mkono wangu mwenyewe umekuwa mzito. Mashua ya kaka sijaigusa tangu msiba.

Je, Bibi, baba arudi? Na nikimsomea, mtoto atarudi kuchora? Kuna rafiki yangu pia ananiambia nikimaliza niipeleke ichapwe kitabu. Nipe shauri.

Ami, Nungwi

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni nyote, na Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako.

Baba asirudi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza, na mengine yote nitakayokwambia yanalitegemea.

Hadithi za zimwi tulizosimuliwa pwani unazijua. Zimwi likishauawa hupasuliwa tumbo, na waliomezwa wote hutoka wazima, watu na ng'ombe na kuku wao. Kwa mtoto ambaye hajafiwa huo ni mwisho mtamu: aliogopa, sasa hofu imekwisha, analala. Lakini mtoto aliyefiwa ukimpa mwisho huo umemkabidhi kazi. Kama msichana wa kwenye daftari alimtoa baba yake kwa ushujaa, basi yeye ambaye baba yake hajatoka atajiona hakuwa shujaa wa kutosha. Shemeji yako ana nia njema, na nina hakika mtoto atafurahi usiku ule. Wasiwasi wangu ni asubuhi yake.

Halafu kuna lile neno la kusafiri. Nungwi ni kijiji cha bahari, aliyesafiri hurudi na chombo. Umeniambia mtoto anakwenda pwani kila jioni kutazama vyombo vinavyorudi, na mimi nikisoma hapo naona anangojea. Mmemwambia baba kasafiri, naye amefanya ambalo mtoto yeyote mwenye akili angelifanya: amekwenda kumpokea. Sasa ukimletea na hadithi ya msichana aliyeteremka chini ya maji kumfuata baba yake, tena mtoto anayekaa hatua chache kutoka kwenye maji, mimi ningeogopa. Hiyo nakuomba uiondoe kabisa kabla hujamsomea hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo kabla ya hadithi, semeni ukweli. Aseme mama yake, wewe uwepo, na maneno yawe machache na wazi: "Baba yako amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii baridi, haumwi tena. Tumemzika. Hatarudi, na sisi sote tunamlilia." Msiseme amelala, mtoto asije akaogopa kulala. Msiseme Mungu alimpenda zaidi, asije akaogopa kupendwa. Mambo ya akhera mwambieni kama mnavyoamini, mfundisheni na dua ya kumwombea baba yake, lakini yaje juu ya ukweli huo, yasije mahali pake. Watoto wengi kati ya miaka mitano na saba huanza kushika kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hauhisi kitu, na kwamba kila kilicho hai kitakufa. Wenu ana minane. Huenda anajua zaidi ya mnavyodhani, na amebaki peke yake na analolijua kwa kuwa wakubwa wanasema jingine.

Nije kwenye jambo ambalo umelitaja ukapita haraka. Ule ubao.

Asubuhi alichora, baba akagomba, yeye akanuna akaondoka. Usiku baba akaugua, na hakumwona tena. Weka mambo hayo manne kwenye mstari mmoja uyasome kama mtoto wa miaka minane. Watoto wa umri huo mara nyingi huamini kwamba hasira yao, neno lao au kosa lao dogo ndilo lililoleta kifo, na hawalisemi kwa sababu wanaona ni kukiri. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyo kwake. Lakini mtoto aliyechora kila mahali, kisha akamwambia mwalimu kuwa hajui kuchora samaki, anaonekana kwangu kama mtu aliyeapa kutokugusa tena kile kilichodhuru. Huko siko kusahau.

Muulize taratibu, mkiwa mnafanya kazi nyingine, si kwa kumkalisha mbele yako: "Unakumbuka siku baba alipogomba kwa sababu ya ubao?" Akijibu, msikilize mpaka mwisho kama baba yake alivyokuwa akimsikiliza. Asipojibu, mwambie wewe: baba aligomba kwa sababu ubao ulikuwa wa mtu, na hasira ile ilikuwa ya siku moja, ugonjwa haukuletwa na mkaa, haukuletwa na kununa, haukuletwa na chochote alichokifanya yeye. Mwambie na siku nyingine. Jambo kama hili halitoki kwa kuambiwa mara moja.

Sasa hadithi yako. Nimeipenda, na nataka uimalize. Matumbo yenye nanga na taa na sauti za watu walioita wasisikike ni mambo ya mtu anayejua kutunga. Ila igeuze hivi, kama utakubali.

Baba amekufa tangu ukurasa wa kwanza, kwa sentensi fupi isiyo na mapambo. Zimwi halikumchukua, wala halina uwezo wa kumrudisha, na msichana aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza safari. Kila uchawi mzuri wa hadithi una mpaka, na msikilizaji hutulia akiujua. Lilichokimeza zimwi ni kitu kingine: michoro yote ya kijiji. Watu wameamka asubuhi wakakuta kanga ni nyeupe, misikiti na milango haina nakshi, na vyombo vyote vimepoteza macho yao kwenye omo. Chombo kisicho na jicho hakioni njia, kwa hiyo vyote vimekwama ufukweni, na kijiji hakina samaki. Msichana anakwenda kuyarudisha macho. Zimwi lisiishi chini ya maji. Liweke kwenye pango la mawe ya pwani, ambako mtu huenda kwa miguu maji yakitoka na hurudi nyumbani kwa miguu kabla hayajajaa.

Tumbo la mwisho lina ubao. Ubao wenye samaki aliyechorwa kwa mkaa. Zimwi linamwambia, "Hiki sikukupokonya, hiki ulinitupia mwenyewe." Hapo ndipo ulipokwama bila kujua kwa nini, na hapo ndipo hadithi ilipo. Msichana aogope kuugusa. Mpe muda, andika ukurasa mzima wa kuogopa kwake, usimharakishe. Kisha aseme, "Nimekichora mimi," auchukue. Hapana haja ya panga wala kupasua tumbo.

Akirudi kijijini, achore jicho la chombo cha kwanza, na litoke limepotoka. Nakusisitiza hilo. Hadithi nyingi za watu wazima zinampa mtoto kipaji chake kikiwa kimekamilika mara tu anapoacha kulia, na watoto wanajua kuwa ni uongo. Mkono uliolala hauamki na ustadi wake. Chombo chenye jicho lililopotoka kitakwenda upande upande, mabaharia watalalamika, lakini kitakwenda. Jicho la pili litakuwa afadhali.

Baba yuko wapi katika hayo yote? Yuko katika jinsi msichana anavyoshika brashi, na katika majina ya zana anayoyajua. Asitokee kama sauti wala kivuli. Hapo kasa wako mzee atakufaa sana. Wewe ni mtu wa Nungwi, unajua kwamba kasa jike hupanda ufukweni, hufukia mayai kama mia hivi, hurudi baharini, na watoto hutoka mchangani baada ya miezi miwili hivi bila mzazi wa kuwapokea. Wakija kukua, majike hurudi kutaga kwenye fukwe za upande ule ule walikozaliwa. Msichana amuulize, "Nani alikufundisha njia?" na kasa amjibu kwa ukweli huo wa maisha yake, bila mahubiri.

Matumbo saba ni mengi. Mimi ningebakisha matatu, tumbo moja kwa usiku mmoja.

Na usomaji wenyewe uwe wa kwetu. Ukisema "Paukwa," ngoja aseme "Pakawa." Asipoitikia, funga daftari, mzungumze mengine, ujaribu siku nyingine. Mila yetu imempa msikilizaji haki hiyo: hadithi haianzi mpaka aitikie. Mtoto ambaye amepitishiwa jambo kubwa kuliko yote bila kuulizwa anahitaji pahala pa kuweza kusema "bado". Akiitikia, soma, na kila penye njia panda simama umuulize msichana afanyeje. Akikwambia "La, hakufanya hivyo," kata mstari wako mbele ya macho yake uandike wake. Naamini utunzi wake utarudi kwa njia hiyo kabla ya kuchora. Kusahihisha hadithi ya mtu mzima ni rahisi kuliko kuanza yako.

Kuhusu kuchora, usimuombe. Penseli zitoe kabatini, lakini yeye ni mtoto wa mkaa na mbao. Acha karibu na mashua vipande visivyo na mwenyewe, na mkaa kando yake, na umwambie waziwazi kuwa hivyo vya kuchorea na hakuna atakayegomba. Kisha kaa uchore wewe. Chora pweza mwenye mikono sita. Mtu aliyewahi kumpa pweza bakora nane hataweza kuvumilia sita kwa muda mrefu.

Usihangaike akicheza kisha akawaacha wenzake ghafla. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba aliyefiwa hukwenda na kurudi: mara yumo ndani ya huzuni, mara yumo katika shughuli za maisha, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia. Kwa watoto mwendo huo huwa wa haraka zaidi, analia sasa hivi na baada ya muda mfupi anauliza chakula. Kinachotakiwa kukutia hofu ni akiacha kula, akikosa usingizi kwa majuma, akisema anataka kumfuata baba yake, au akiingia majini peke yake. Hapo msingoje, mpelekeni kituo cha afya mwombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na simu ya mtoto ya 116 ipo, haitozwi, mnaweza kupiga hata ninyi wakubwa kuomba ushauri.

Mwanangu, na wewe je? Umesema mkono wako mzito, mashua ya kaka yako hujaigusa. Mtoto anakwenda pale kila jioni, na anachokikuta ni mataruma na kimya. Tezo halisikiki, nyundo haisikiki. Mnamsikitikia kwa kuacha kuchora, na yeye anaona mafundi wote wa nyumba yake wameacha kazi. Anza na wewe. Piga ubao mmoja, hata kama machozi yatatoka, yakitoka mbele yake si aibu. Ikifika siku ya kalafati, ya kuziba mianya ya mbao, mpe pamba asokote. Ni kazi ya vidole vidogo na inahitaji mtu makini. Jicho la omo usimwahidi wala usimtwishe. Chombo kikikamilika na hajataka, lichore wewe, umpe kopo la rangi akushikie kama zamani, ikiwa atapenda.

Mama yako mwendee kwa heshima, faragha, usimkosoe mbele ya mjukuu wake. Amezika mtoto wake. Neno la kusafiri huenda ni yeye analolihitaji zaidi kuliko mtoto. Kuhusu zimwi, mkumbushe kwamba wewe hadithi za mazimwi ulizipata mapajani mwake, na mwombe amsimulie mjukuu zile zile, zenye sungura na fisi kama atapendelea. Ikiwa bado moyo wake unakataa jina hilo kutajwa ndani ya nyumba, libadilishe tu. Mwite Mmezaji. Hadithi haitapungua kitu.

Na shemeji awe wa kwanza kusomewa, kabla ya binti yake. Yeye ndiye mzazi, na kuna sehemu atalia. Afadhali alie na wewe mara ya kwanza, ili akikaa na mtoto ajue kinachokuja. Akisema sehemu fulani haiwezi, iondoe bila kubishana.

Kuchapa ni jambo la mwisho. Njia zipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwepo tangu 1991, na African Storybook huweka hadithi za watoto mtandaoni zisomwe bure, za Kiswahili zikiwemo. Vitabu vya picha vya watoto huwa kurasa 24 au 32, kwa hiyo utalazimika kukata mengi. Lakini kabla ya kuipeleka popote, muulize mtoto. Kisa cha ubao ni chake, na siku moja atakuwa mtu mzima atakayekikuta dukani. Akikataa, ubao uufanye kitu kingine, chungu au tanga la chombo, na ule wa kweli ubaki kwenye daftari lenu.